Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: Mdogo wangu alitembezwa mpaka akashindwa kusimama

Kwa: Mheshimiwa Waziri wa Afya,
Mji wa Serikali, Mtumba,
Dodoma.

Nakala: Mganga Mkuu wa Serikali, Waganga Wakuu wa Mikoa ya Dodoma na Singida.

YAH: MAZOEZI YA LAZIMA KWA WAGONJWA WA UCHOVU SUGU (ME/CFS)

Mheshimiwa Waziri,

Tafadhali husika na somo tajwa hapo juu. Mimi ni muuguzi mstaafu na mkazi wa Dodoma, niliyeutumikia umma kwa miaka thelathini na mmoja, kuanzia zahanati ya kijiji hadi wodi ya wanawake ya hospitali ya wilaya. Ninakuandikia hadharani kwa sababu barua tatu nilizoziandika kwa utaratibu wa kawaida, mbili kwa uongozi wa hospitali iliyomhudumia mdogo wangu na moja kwa ofisi iliyo juu yake, hazikujibiwa kwa maandishi. Jibu pekee nililolipata lilikuwa la mdomo, nikiwa nimesimama kwenye korido: kwamba mdogo wangu hana ugonjwa bali ana msongo, na kwamba sisi nyumbani tunamdekeza. Baada ya hapo nilinyamaza kwa miezi mingi, maana nimelelewa katika kazi ambayo mtu hamsemi mwenzake nje ya geti. Ila tangu nianze kuulizia nimekutana na familia nyingine mbili zilizopewa ushauri uleule na kupata hasara ileile, na sioni tena haki ya kunyamaza.

Mdogo wangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi wilayani Chamwino. Machi 2022 alishikwa na homa kali. Kipimo cha malaria kilitoka hasi, akapewa dawa ya malaria hata hivyo, na homa ikaisha baada ya siku tisa, lakini aliyeinuka kitandani hakuwa yule aliyelala. Usingizi haukumpumzisha, akisimama kwa muda moyo ulimwenda mbio, na darasani alisahau jina la mtoto aliyekuwa akimwita. Alipimwa wingi wa damu, sukari, tezi ya shingo, figo, ini, kifua kikuu na VVU, na majibu yote yakaja safi. Septemba 2022 tukapewa karatasi ya mazoezi.

Karatasi hiyo ninayo hadi leo. Ina safu tatu: tarehe, dakika, sahihi ya ndugu. Wiki ya kwanza atembee dakika tano, ya pili kumi, ya tatu kumi na tano, hivyo hivyo mpaka arobaini na tano, na chini pameandikwa kwa kalamu nyekundu kwamba asiruhusiwe kuacha hata akilalamika. Sahihi ya ndugu ni yangu. Nimezihesabu, zipo ishirini na tatu. Nilitembea nyuma yake kutoka getini mpaka kwenye mbuyu na kurudi, nikimwambia ajikaze. Kilichonipoteza ni kwamba siku ya mazoezi yenyewe hakuonekana vibaya. Alirudi akihema, akaketi, akanywa maji. Ni kesho yake jioni, au keshokutwa asubuhi, ndipo alipoanguka: tezi za shingo zimevimba, koo linauma, kikombe cha uji hakishikiki kwa mkono mmoja, mwanga wa dirishani unamchoma mpaka anajifunika kanga machoni, na sentensi anaianza kisha anaiacha njiani. “Dada, leo nalipa ya juzi,” alikuwa akiniambia. Mimi nikachukua kalamu, nikatia sahihi.

Wiki ya nane alishindwa kwenda chooni bila kushikwa. Hajarudi darasani tangu wakati huo, na sehemu kubwa ya siku yake anaipitisha amelala katika chumba kilichofungwa mapazia. Malalamiko yangu, Mheshimiwa Waziri, ni haya yafuatayo.

1. Ushauri tuliopewa ulikuwa umekwisha kufutwa kule ulikotoka.

Mazoezi ya kuongezwa kwa ratiba, dakika hadi dakika bila kujali hali ya mgonjwa, hayakubuniwa hapa kwetu. Yaliingia katika mwongozo wa Uingereza mwaka 2007, pale NICE, taasisi inayotunga miongozo ya tiba ya nchi hiyo, ilipoyapendekeza kwa wagonjwa wa uchovu sugu ambao ugonjwa wao ni wa kiwango chepesi au cha wastani, pamoja na tiba ya mazungumzo inayolenga kubadili fikra. Hoja yake ilikuwa kwamba mgonjwa ameogopa kujishughulisha, mwili umelegea kwa kukaa, na kwa hiyo akizoeshwa polepole atarudi. Ni hoja inayoingia akilini kwa urahisi, nami niliiamini.

Mwaka 2015 taasisi ya tiba ya Marekani iliyopewa kazi ya kupitia tafiti ilitoa ripoti iliyosema wazi kwamba huu ni ugonjwa wa mwili, mzito, unaogusa mifumo mingi, na kwamba alama yake kuu ni mgonjwa kuzidiwa baada ya shughuli. Mwaka 2017 CDC, kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa, kiliyaondoa mazoezi hayo katika ushauri wake. Kisha tarehe 29 Oktoba 2021 NICE yenyewe ikafuta mwongozo wake wa 2007. Mwongozo mpya unasema mgonjwa asipewe ratiba yoyote ya mazoezi inayopandishwa kwa viwango vilivyopangwa kabla, na kwamba tiba ya mazungumzo inaweza kumsaidia mtu kuishi na ugonjwa lakini si dawa ya kuuponya. Badala yake unafundisha kile ambacho mimi ninakiita kujipimia: mgonjwa aujue mpaka wa nguvu zake za siku ile, abaki ndani yake, apumzike kabla ya kuchoka, na asiongeze chochote mpaka mwili wenyewe uonyeshe nafasi.

Linganisha tarehe, Mheshimiwa. Mwongozo ulifutwa Oktoba 2021. Mdogo wangu alikabidhiwa karatasi Septemba 2022, miezi kumi na moja baadaye.

2. Utafiti uliotegemewa una kasoro ambazo hata karani wa takwimu angeziona.

Nguzo iliyokuja kuushikilia ushauri ule ilikuwa utafiti wa PACE, uliofanyika Uingereza kwa wagonjwa 641 na kuchapishwa mwaka 2011. Mwaka 2013 watafiti walitangaza kwamba asilimia 22 ya waliopewa mazoezi, au tiba ya kubadili fikra, walipona. Wagonjwa wenyewe ndio waliogundua tatizo. Ili uingizwe katika utafiti ulitakiwa uwe na alama 65 au chini yake katika kipimo cha uwezo wa mwili chenye alama 100, lakini ili uhesabiwe umepona kwa kipimo hicho ulihitaji alama 60 tu. Kwa maneno mengine, mtu aliweza kuingia akiwa na 65, akashuka mpaka 60, na kwa kipimo hicho akahesabiwa miongoni mwa waliofikia uponaji. Vipimo vya awali vya kupona, ambavyo watafiti walijiwekea kabla ya kuanza, vililegezwa baadaye.

Mgonjwa mmoja wa Australia, Alem Matthees, aliomba takwimu ghafi, akanyimwa, akalalamika kwa kamishna wa habari wa Uingereza, chuo kikuu husika kikakata rufaa, na mwaka 2016 baraza la rufaa la habari nchini humo likakiamuru kuzitoa. Zilipohesabiwa upya kwa vipimo vya awali, waliopona walikuwa asilimia 7 kwa tiba ya kubadili fikra, 4 kwa mazoezi, na 3 kwa wale waliopata huduma ya kawaida ya daktari peke yake. Ninalitaja jina la Matthees kwa heshima, maana yeye mwenyewe alikuwa mgonjwa wakati akiipigania kesi ile.

3. Swali moja linalotambulisha ugonjwa huu halikuulizwa.

Katika mahudhurio yetu yote, hakuna aliyemuuliza mdogo wangu: “Ukifanya kazi leo, kesho na keshokutwa unakuwaje?” Tuliulizwa kama analala, kama anakula, kama ana mume, kama ana madeni. Yote ni maswali halali. Lakini mchovu wa kawaida akilala huamka afadhali, mwenye sonona mara nyingi hupata nafuu akitembezwa, na mwenye ugonjwa huu huzidiwa, tena kwa kuchelewa, saa nyingi au siku nzima baada ya tendo. Watafiti wamewapandisha wagonjwa kwenye baiskeli ya kupimia pumzi siku mbili mfululizo. Mtu mwenye afya, hata yule asiyezoea mazoezi, hutoa karibu nguvu zilezile siku ya pili, ilhali wagonjwa wengi hushuka. Mwaka 2024 watafiti wa Uholanzi walichapisha matokeo ya vipande vya misuli vilivyochukuliwa kwa watu 25 waliobaki wagonjwa baada ya korona, kabla na baada ya kuzidishiwa kazi, na wakaona misuli imeharibika zaidi baada ya kazi ile.

Sidai zahanati ya kijiji iwe na baiskeli ya kupimia pumzi. Swali halina gharama.

4. Neno “msongo” linatolewa haraka mno, na hutolewa zaidi kwa wanawake.

Mwaka 1955, katika Hospitali ya Royal Free mjini London, watumishi 292 waliugua maradhi yenye dalili kama hizi ndani ya miezi michache, wengi wao wauguzi, na 255 kati yao wakalazwa. Miaka kumi na mitano baadaye madaktari wawili wa akili, ambao hawakumhoji hata mgonjwa mmoja bali walisoma mafaili, waliandika kwamba ile ilikuwa jazba ya kundi, na sababu mojawapo waliyoitoa ni kwamba wagonjwa wengi walikuwa wanawake. Tunaijua lugha hiyo hata hapa. Ni ileile inayotumika wasichana wa shule wanapoanguka na watu wakasema mapepo. Shirika la Afya Duniani lilikuwa limekwisha kuuweka ugonjwa huo miongoni mwa magonjwa ya mfumo wa fahamu tangu mwaka 1969. Kwa hiyo nikiambiwa kwenye korido kwamba mdogo wangu anadekezwa, ninajua sentensi hiyo ilianzia wapi.

5. Mkoa wetu una sababu zake za kuujali ugonjwa huu.

Nimeambiwa zaidi ya mara moja kwamba haya ni maradhi ya Wazungu. Lakini mara nyingi ugonjwa huu huanzia kwenye maambukizi, na maambukizi hatuna uhaba nayo. Katika mji wa Dubbo, Australia, watafiti waliwafuatilia watu 253 waliougua mojawapo ya homa tatu, ikiwemo homa ya Q inayotoka kwa mbuzi, kondoo na ng’ombe. Walipochapisha mwaka 2006 walieleza kwamba baada ya miezi sita asilimia 12 walikuwa bado wamelemazwa na uchovu na dalili zake, na kilichotabiri nani atabaki mgonjwa kilikuwa ukali wa homa ya mwanzo, wala si tabia ya mtu au msongo aliokuwa nao.

Sasa tutazame kwetu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 kuhusu watu 870 waliolazwa kwa homa katika hospitali mbili za Moshi ulionyesha kwamba asilimia 60.7 waliandikiwa kuwa na malaria, wakati waliokuwa nayo kweli walikuwa asilimia 1.6. Miongoni mwa waliobaki wamo waliokuwa na homa ya mgunda, homa ya Q, bruselosi na chikungunya. Dodoma na Singida ni mikoa ya mifugo. Tunakamua, tunachinja, tunazalisha mbuzi nyuma ya nyumba, watoto wanalala karibu na zizi. Mlipuko wa homa ya Bonde la Ufa wa 2007 uliipiga Dodoma kuliko mkoa mwingine wowote nchini. Ongeza juu ya hayo wale ambao hawakurudia afya zao baada ya korona, ambao sehemu yao wana dalili zilezile za mdogo wangu. Hatujui alishikwa na homa gani Machi 2022, kwa sababu baada ya kipimo cha malaria kutoka hasi hakuna kilichopimwa tena.

6. Asiye na jina la ugonjwa hana cheti, na asiye na cheti hana kazi.

Katika zile familia mbili nilizozitaja, mmoja ni kijana aliyekuwa karani katika kampuni binafsi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mfanyakazi siku 126 za likizo ya ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36, lakini anatakiwa awasilishe cheti cha daktari, na daktari aliandika “uchovu, ashauriwe mazoezi.” Mwajiri alisoma hivyo kama mtu yeyote angesoma. Kijana alirudi kazini, akadumu wiki tatu.

Mheshimiwa Waziri, ninajua yatakayosemwa kunijibu, kwa kuwa mengine niliyasema mimi mwenyewe nikiwa na sare.

Itasemwa kwamba Serikali inahimiza mazoezi. Ni kweli, na ninaunga mkono. Tangu Desemba 2016, Mheshimiwa Samia Suluhu Hassan akiwa Makamu wa Rais, wananchi wamehimizwa kufanya mazoezi Jumamosi ya pili ya kila mwezi, na kwa presha na kisukari hakuna dawa ya bei nafuu kuliko hiyo. Lakini hatumpi mgonjwa wa kisukari asali kwa sababu asali ni chakula chema. Itasemwa pia kwamba hakuna kipimo cha maabara cha kuuthibitisha ugonjwa. Hakipo bado, ingawa Agosti 2025 watafiti wa Edinburgh, waliolinganisha vinasaba vya wagonjwa zaidi ya 15,000 na vya watu wasio na ugonjwa huu, walitangaza maeneo manane yenye tofauti. Kwa sasa ugonjwa hutambuliwa kwa maelezo ya mgonjwa, baada ya magonjwa mengine kuondolewa. Ndivyo tunavyotambua kipandauso pia, na hakuna anayemwambia mwenye kipandauso kwamba anajidai. Tena sitaki kila mchovu apewe jina hili, maana nyuma ya uchovu kunaweza kuwa na upungufu wa damu, kifua kikuu au tezi, na kuvikosa hivyo ni kosa kubwa zaidi.

Itasemwa kwamba madaktari wa Ulaya wenyewe bado wanabishana. Baadhi wanabishana, na vyama kadhaa vya madaktari Uingereza havikufurahishwa na mwongozo wa 2021. Lakini NICE ilipoupima ushahidi wa mazoezi yale iliuona wa ubora wa chini au wa chini sana, na wagonjwa wengi walieleza madhara. Palipo na ushahidi dhaifu wa faida na malalamiko mengi ya madhara, tulifundishwa darasa la kwanza la uuguzi tuanze na lipi.

Na hoja ya fedha ninaiheshimu kuliko zote, kwa sababu nimefanya kazi katika kituo kisicho na glovu. Ninayoyaomba hayahitaji mashine wala dawa mpya.

Ninaomba, kwanza, Wizara itoe waraka mfupi kwa hospitali zote, kuanzia za rufaa za mikoa hadi vituo vya afya, ukielekeza kwamba mgonjwa anayezidiwa baada ya shughuli asipewe ratiba ya mazoezi inayopandishwa, na kwamba ratiba zilizokwisha kutolewa zisitishwe. Hili ni la haraka. Wapo wanaotembezwa leo. Pili, ugonjwa huu uandikwe waziwazi, kwa Kiswahili, katika miongozo inayofika mezani kwa tabibu, pamoja na dalili nne zinazotakiwa ziwepo: uchovu unaolemaza, kuzidiwa baada ya shughuli, usingizi usiopumzisha, na akili kuwa nzito. Mwongozo wa NICE unaruhusu kuushuku ugonjwa baada ya wiki sita kwa mtu mzima na kuuthibitisha baada ya miezi mitatu, na sioni kwa nini sisi tusitumie kipimo hicho. Tatu, wataalamu wa viungo wafundishwe kujipimia, na wauguzi wa jamii waelekezwe namna ya kumhudumia aliyelala kitandani, kwa kuwa takribani robo ya wagonjwa hufikia hatua ya kutotoka nyumbani au kitandani. Nne, cheti cha ugonjwa huu kitambuliwe na waajiri kama cheti cha ugonjwa mwingine wowote wa muda mrefu. Na tano, hospitali iliyomhudumia mdogo wangu, ambayo nitakutajia faraghani, ijibu barua zangu kwa maandishi. Sitafuti fidia wala sitaki mtumishi yeyote afukuzwe, kwa sababu aliyeandika karatasi ile aliamini alichofundishwa, kama nilivyoamini mimi niliyeitia sahihi.

Kuhusu mdogo wangu, tangu tulipoanza kujipimia, mwanzoni mwa 2024, hajapona, lakini ameacha kushuka. Anaoga ameketi kwenye kigoda, dakika chache, kisha analala saa mbili bila kuzungumza na mtu. Wiki iliyopita alisoma ukurasa mmoja wa daftari la mwanafunzi wake wa zamani aliyekuja kumsalimu, akausahihisha kwa kalamu, akausaini. Siku mbili zilizofuata hakulipa.

Nakala ya karatasi ya mazoezi nimeiambatanisha, nikiwa nimefuta jina la hospitali na la mtumishi. Karatasi yenyewe, yenye sahihi zangu ishirini na tatu, nitaileta kwa mkono wangu Mtumba siku yoyote nitakayoitwa.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Muuguzi mstaafu,
Dodoma.